Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: dawa za kupunguza pombe zifike dirishani

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro,
Waganga Wakuu wa Wilaya zetu, na ninyi mnaopanga manunuzi Bohari ya Dawa,

Nawasalimu kutoka Uru, juu kidogo ya mji wa Moshi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Nawaandikia kuhusu vidonge ambavyo mgonjwa wa pombe wa mkoa huu hawezi kuvipata hospitali, na kuhusu watu wawili waliozaliwa tumbo moja na mimi.

Mwaka 2019 tulimzika kaka yangu. Alikuwa fundi ujenzi, mtu wa mikono mizuri. Nyumba kadhaa za barabara ya kupanda kwetu zimesimama juu ya msingi alioupima yeye. Alianza na mbege, pombe yetu ya ndizi, ya jioni kilabuni, ikaja piwa, yaani gongo, na miaka ile ya viroba, vile vipakiti vya pombe kali, alikuwa na viwili mfukoni kabla hajashika mwiko. Serikali ilipovipiga marufuku viroba Machi 2017 tulishangilia nyumbani. Yeye alirudi kwenye piwa, basi.

Ukoo ukakaa kikao. Kaka akaahidi kwa mdomo wake, mbele ya mama, kwamba kuanzia Jumapili ile hagusi tena. Tulifurahi mno. Tukamfungia chumba cha nyuma asije akatoroka, tukampa uji na maji, tukasali. Jumatatu asubuhi mikono ilimtetemeka hata kikombe cha chai kikammwagikia chote kifuani kabla hakijafika mdomoni. Jasho lilimtoka, na nje ilikuwa baridi ya Julai. Usiku ule akakakamaa na kutupatupa miguu, mara moja, muda mfupi. Tukasema ni njaa. Jumanne usiku akaanza kufuta ukuta kwa viganja akisema siafu wanapanda. Anawafuta, anakung'uta miguu, ananiita kwa jina la shangazi yetu aliyefariki zamani. Tukasema pepo la pombe linatoka, tukazidisha sala. Alfajiri ya Jumatano mwili ulikuwa unawaka moto, tukampakia kwenye pikapu ya jirani. Tulipofika, aliyekuwa zamu aliuliza ana nini. Tukasema ni mnywaji. Akasema basi hizo ni pombe, mlazeni pale pembeni zitamtoka. Hakuamka.

Mwalimu wa baiolojia nilikuwa mle chumbani siku zote tatu, na sikujua ninachokiangalia.

Sasa najua. Ubongo uliomwagiwa pombe kila siku kwa miaka umezoea kufanya kazi huku pombe inauzuia, kama gari linalopanda mlima breki imekanyagwa. Ukiiondoa breki ghafla, gari linaruka. Kifafa hutokea zaidi ndani ya saa 6 hadi 48 tangu tone la mwisho. Kuchanganyikiwa, kuona wadudu, homa na moyo kwenda mbio hufuata kati ya siku ya pili na ya nne. Kaka yangu alipita kituo baada ya kituo kama ilivyoandikwa kwenye vitabu vya udaktari. Na matibabu yake hayana ugeni wowote: diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopunguzwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, sindano za thiamini, yaani vitamini B1, kuukinga ubongo, maji, na mtu wa kumwangalia. Diazepamu ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Hata sasa mtu anayekunywa sana kila siku akiambiwa na familia yake aache leo leo, anaweza kufa kwa utii wake.

Naomba jambo hilo libandikwe kwenye ukuta wa kila zahanati ya mkoa huu, kwa maandishi makubwa, hata kabla ya hayo mengine ninayoyaomba.

Wa pili ni mdogo wangu, kitindamimba, ndiye aliyeachiwa kihamba cha baba. Alipoanza kuzimua saa 12 asubuhi, nikaona njia ile ile. Safari hii sikuita kikao. Nilimchukua kwa mkono hadi kwa daktari mmoja mjini, na daktari yule hakumnusa wala hakumhubiria. Alivuta karatasi akamuuliza maswali 10. Unakunywa mara ngapi? Siku ukinywa, unakunywa kiasi gani? Umewahi kuhitaji ya asubuhi ili uanze siku? Kuna mtu ameumia kwa sababu ya pombe yako? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4, jumla 40, na ukifika 8 tayari unahitaji kuzungumza na mtaalamu. Mdogo wangu alipata 27. Aliitazama ile namba muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama yeyote kati yetu tuliokuwa tunalia mbele yake.

Maswali hayo ni ya Shirika la Afya Duniani, na toleo lake la Kiswahili limepimwa hapa hapa kwetu, hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, kwa majeruhi waliofikishwa idara ya dharura. Hapo hapo KCMC, watafiti wetu wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wamejaribu mazungumzo mafupi na majeruhi wanaokunywa, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Nayataja kwa sababu mara nyingi tunaambiwa haya ni mambo ya Ulaya. Elimu ya kumpima mnywaji na kuzungumza naye bila kumdhalilisha imefanyiwa kazi chini ya mlima huu huu. Kinachokosekana ni cha kumpa mtu anapoinuka kwenye kiti.

Mdogo wangu alilazwa siku 5, akapewa diazepamu na thiamini, akatetemeka kidogo na kulala sana. Kisha daktari akamwandikia naltreksoni, kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa siku.

Nilizunguka maduka ya dawa ya Moshi kuanzia stendi kuu hadi mnara wa saa. Wengine waliomba niliandike jina upya. Mmoja alinipa dawa ya vidonda vya tumbo akidhani nimekosea. Mwishowe ililetwa kutoka Nairobi, kifurushi cha basi kupitia Namanga, na ya mwezi mmoja ilizidi kodi ya mwezi niliyokuwa nalipia chumba cha mwanangu anayesoma Arusha. Nililipa. Ningelipa zaidi ya hapo.

Niwaeleze nilichokiona, maana nimekiona kwa macho yangu. Wiki ya tatu tulikuwa kwenye msiba wa jirani. Mbege ikapita, akapokea kata kama wanaume wengine, akanywa. Nilikuwa upande wa akina mama, moyo unanidunda. Kata ilipofika nusu aliishusha, akaiweka chini kwenye shina la mgomba, akaendelea kuzungumza. Ikakaa pale. Nzi wakaizunguka. Alipoondoka aliiacha, na mimi nilisubiri watu wapungue, nikaenda kuitazama kama mtu anayetazama kaburi lililofunguka. Jioni nikamuuliza. Akaniambia, "Dada, imekuwa pombe tu. Haina ile kitu."

Ile kitu ndiyo kazi ya kidonge. Mtu akinywa, ubongo hutoa endofini, kemikali za raha ambazo mwili unajitengenezea wenyewe, na hizo ndizo zinazomwambia aongeze. Naltreksoni hukaa kwenye vipokezi ambavyo endofini zingekaa. Pombe inalewesha bado, ndiyo sababu asiendeshe pikipiki, lakini ule mvuto wa kuongeza unapungua. Haileweshi, na ukiiacha haikuachii arosto, yale mateso ya kukosa kilevi. Na mtu hahitaji kuwa ameacha kabisa ndipo aianze. Kwa mkoa kama wetu hilo ni kubwa. Mbege iko kwenye posa, iko kwenye msiba, iko kwenye tambiko. Mama yangu alitusomesha sisi wote kwa mbege: ndizi anazipika yeye, msesewe anauchemsha yeye, ulezi anauotesha na kuusaga yeye. Sina ugomvi na sufuria la mama. Ninachotaka ni mtoto wake aweze kuishusha kata ikiwa nusu. Wale ambao ini limeshaharibika, hao daktari atawaambia waache yote, na wasikilize.

Iko pia akamprosati, ambayo inamfaa zaidi mtu aliyekwisha kuacha na anataka asirudi. Inamezwa vidonge viwili vya miligramu 333 mara tatu kwa siku, inautuliza ule ubongo uliozoea breki, na kwa kuwa haipiti kwenye ini bali hutoka kwa figo, inaweza kuwafaa wenye ini bovu ambao naltreksoni inawatia mashaka. Mwenye figo zilizochoka sana haimfai.

Ya zamani kuliko zote ni disulfiramu. Uwezo wake kwa wanywaji ulionekana Denmark mwaka 1948, na Marekani ikairuhusu mwaka 1951. Yenyewe inazuia mwili kuisafisha sumu ambayo pombe hugeuka kuwa, hivyo anayekunywa juu yake hupata joto usoni, moyo kwenda mbio, kutapika, na shinikizo la damu kushuka. Kwa anayejua na kukubali, chini ya uangalizi, inasaidia. Lakini naomba niseme na wake wenzangu hapa, hata kama barua si yao. Nguzo za umeme za mji wetu zimejaa karatasi za "dawa ya kuacha pombe, unamwekea kwenye chakula bila yeye kujua". Hakuna anayejua mle kuna nini. Kama ni disulfiramu au kitu cha aina hiyo, mwanaume aliyetoka kazini akapiga piwa zake kama kawaida anaweza kufia mezani. Mheshimiwa Waziri, wanawake wanaopiga namba za kwenye zile nguzo si wajinga. Wamekwenda kwanza dirisha la dawa wakaambiwa hakuna.

Nataka niwe mkweli kuhusu vidonge hivi ili mtu asije akaninukuu vibaya. Si muujiza. Mwaka 2023 watafiti walikusanya majaribio 118 yenye watu karibu 21,000, wakaona kwamba ukiwapa watu 11 naltreksoni ya kumeza, mmoja zaidi anaepuka kurudia unywaji wa kupindukia kuliko kama wangepewa kidonge kisicho na dawa. Mmoja kati ya 11. Kuna watakaosema ni kidogo. Nilikuwa na kaka mmoja. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 44 akiambiwa kidonge kitawabakisha wanne shuleni, hawezi kukikataa kwa sababu hawakuwa 40. Na dawa nyingi tunazozisifu, za presha na lehemu, zinahitaji kumezwa na watu wengi zaidi ya hao ili kumwokoa mmoja.

Mdogo wangu ameanguka mara mbili. Mara ya kwanza alisahau vidonge kwa makusudi, akakiri mwenyewe. Mara ya pili ni Desemba. Mnajua Desemba ya Uchagani ilivyo. Magari kutoka Dar es Salaam yanapanda usiku na mchana, kila nyumba inachinja, kila anayefika anakuita upokee. Kifurushi cha Nairobi kilichelewa. Vidonge viliisha tarehe 19 na vingine vilifika baada ya mwaka mpya. Tarehe 24 aliletwa nyumbani na bodaboda, ameshikiliwa katikati ya dereva na abiria mwingine kama gunia. Mara ile ya kwanza ilikuwa yake, sawa. Hii ya Desemba siwezi kumbebesha peke yake, maana mwenye kisukari aliyekosa insulini wiki mbili akazimia hatumwiti mzembe.

Najua jibu mojawapo litakuwa kwamba hatuna madaktari wa akili wa kutosha, na kwamba dawa bila mtaalamu ni hatari. Mwaka 2006 yalichapishwa Marekani matokeo ya utafiti wa watu 1,383. Waliopewa naltreksoni pamoja na ziara fupi za kuonana na daktari au muuguzi, mara 9 kwa wiki 16, walifanya vizuri bila kuhitaji pia vikao virefu vya mtaalamu wa ushauri. Anaulizwa kama amemeza, amekunywa kiasi gani, anajisikiaje, anapewa moyo, anarudi. Kazi hiyo tabibu wa kituo cha afya anaiweza. Anaifanya tayari kila wiki kwa wagonjwa wa presha na kwa waviu, na daftari lake la mahudhurio liko wazi mezani. Afundishwe yale machache ya hatari: asimpe naltreksoni mtu anayetumia tramadoli, morofini, methadoni au heroini, maana itamwingiza kwenye arosto kali papo hapo, apime ini kwanza, asimpe mwenye homa kali ya ini. Haya yanajaa ukurasa mmoja.

Wala nchi hii haianzi upya. Februari 2011 Muhimbili ilianza kuwapa methadoni waraibu wa heroini, bure, na tangu hapo kliniki zimeongezeka. Siku hizo pia walikuwepo waliosema unamtibu mteja wa unga kwa kumpa dawa nyingine. Serikali ilisimama imara. Leo kuna watu waliokuwa wanalala vichochoroni wanafanya kazi na kulea watoto wao. Kwa nini aliyeshikwa na heroini awe mgonjwa, na aliyeshikwa na piwa awe mlevi tu?

Mwezi Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza naltreksoni na akamprosati kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya matatizo ya pombe. Orodha ile ndiyo nchi nyingi huitazama zinapopanga za kwao. Shirika hilo hilo linahesabu vifo milioni 2.6 duniani vilivyotokana na pombe mwaka 2019. Kaka yangu alikufa mwaka huo. Sidhani yumo kwenye hesabu. Cheti chake hakitaji pombe popote.

Kwa hiyo naomba. Naltreksoni na akamprosati ziwe na namba zake Bohari ya Dawa, hospitali ya wilaya iweze kuziagiza kama inavyoagiza dawa ya kifafa, na bima izilipe, hasa sasa ambapo tuna sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Anzeni na hospitali ya mkoa ya Mawenzi na hospitali za wilaya, Rombo ikiwemo, halafu mshuke kwenye vituo vya afya. Kila zamu ya dharura iwe na diazepamu na thiamini mkononi, na iwe na mtu anayejua kwamba mnywaji anayetetemeka siku ya pili bila pombe ni mgonjwa mahututi. Hilo la zamu ndilo ninalolililia zaidi. Dawa za kupunguza zinaweza kuchukua miezi kufika. Kumfundisha aliyeko zamu leo kunachukua mchana mmoja.

Na viongozi wa dini wa mkoa huu, nawaomba mkae meza moja na waganga wakuu. Watu wetu wanakuja kwenu kwanza. Ahadi ya madhabahuni ina nguvu, nimeiona ikiwashika watu miaka 20. Kabla hamjampokelea mtu ahadi, muulizeni anakunywa kila siku? Akisema ndiyo, mpelekeni kwanza kwa daktari, ahadi aiweke akitoka wodini. Msimuache mama mwingine apokee ahadi Jumapili na maiti Jumatano.

Mganga Mkuu wa Mkoa, niko tayari kuja ofisini kwako siku yoyote baada ya vipindi, na mdogo wangu amekubali kuja na mimi. Ameniruhusu nimwandike hapa bila jina. Amesema atawaeleza mwenyewe, kwa sauti yake, ile kata ilivyokuwa mkononi na kwa nini aliishusha. Tungependa kuja kabla ya mwezi huu kwisha. Asubuhi ya leo nimefungua chupa yake nikahesabu: vimebaki vidonge 12, na dereva wa basi la Nairobi hajapokea simu tangu juzi.

Wenu,
Mwalimu wa baiolojia, Uru, Moshi